Besi Kwenye Mkono Wangu

Mkono wangu ndio uliotambua kwanza. Nilikuwa jikoni nikimenya ndizi za mtori, utomvu umeniganda vidoleni, mwanangu akaja nyuma yangu na kunivisha hedifoni zake bila hata kuniuliza. Alisema kuna mtu ameweka mtandaoni wimbo wa zamani wa bendi ya hapa Arusha, nisikilize kama ndio ule wa babu. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa zikapita noti nne nzito, chini kabisa, na ngozi ya mkono wangu wa kushoto ikasisimka kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nikavuta stuli nikakaa. Wimbo ule niliusikia mara nyingi mno utotoni, lakini siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba ndani yake.

Naomba nieleze, maana bila maelezo mtanidhania nimechanganyikiwa.

Baba alikuwa mpiga besi na mtunzi wa bendi ya kiwanda cha magunia. Siku hizo viwanda vilikuwa na bendi kama vilivyokuwa na timu za mpira, na wanamuziki waliandikishwa kama wafanyakazi wengine. Kwenye karatasi baba alikuwa karani wa ghala. Walipiga dansi kwa ajili ya wakubwa wa kiwanda, ila mioyo yao ilikuwa kwenye roki, na gitaa la solo lilipoanza kulia mama zetu walisema vijana hawa wamepagawa. Magitaa yote yalikuwa mali ya kiwanda. Yalifungiwa ghalani, mtu akalichukua la kwake kwa kusaini na kulirudisha kwa kusaini. Kwa hiyo mtunzi ambaye nyimbo zake ziliimbwa kuanzia Olasiti mpaka Usa River, nyumbani kwake Sekei hakuwa na hata uzi mmoja wa gitaa.

Alikuwa na mimi. Jioni, akishavua viatu, aliniita kibarazani, akaulaza mkono wangu mapajani mwake na kuanza kutunga. Vidole vya mkono mmoja vilibana karibu na kifundo changu, vya mwingine vilidonoa karibu na kiwiko, huku yeye akivumisha noti kooni. Alinuka sabuni ya kipande na vumbi la magunia. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka Meru na sisi sote tukitetemeka, vidole vyake vilikuwa vya moto. Mkono ukifa ganzi nilivumilia, maana nikilalamika angehamia kwenye ukingo wa meza, na mimi meza nilikuwa naionea wivu. Mama, mwimbaji wa kwaya ya usharika asiyekuwa na subira na dansi, alikuwa akiita kutoka ndani kwamba baba akimaliza amrudishie mtoto mkono wake, masufuria yanamsubiri.

Redio yetu ilikuwa ndogo kama tofali, na betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu. Wimbo wa baba, "Mvua ya Sekei", ulipopigwa tulimsikia Fabi, mwimbaji wao, tukasikia solo na tarumbeta, tukasikia hata mtu akikohoa. Besi, hakuna. Spika ile haikuwa na uwezo wa kuitoa. Mtangazaji alitaja bendi, akamtaja Fabi, kisha akaingia kwenye matangazo ya vifo. Shuleni nilikuwa nimejigamba kwamba baba yangu yumo mle, wenzangu wakanicheka wakidai nimekuwa mwongo. Nikamwuliza baba mwenyewe yuko wapi mle.

"Mimi niko chini, Aika," alisema akicheka. "Ukinisikia sana ujue bendi imeharibika."

Nikaridhika. Lakini nilimwona, wimbo ukipigwa tena, akisogeza sikio lake mpaka karibu ligusane na redio.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, nguo za mitumba zikamwagika sokoni, kaseti za nje na disko zikaingia kila kona. Kiwanda nacho kikapata mmiliki mpya, ambaye hakuelewa kwa nini watu wa magunia wawe na tarumbeta. Siku moja baba alirudi mapema, akasema amesaini kwa mara ya mwisho. Vyombo vya muziki vilikuwa vimepakiwa kwenye lori pamoja na viti vibovu vya ofisini. Bendi ikatawanyika. Fabi akavuka Namanga kwenda Nairobi, na baada ya miezi michache akaleta barua: bendi ya hoteli moja huko inatafuta mpiga besi, gitaa lipo, chumba kipo, njoo kabla ya Pasaka.

Mama aliisoma barua mara mbili. Akasema hatamzuia, biashara yake ya mitumba itatusogeza. Sanduku likatolewa chini ya kitanda, likakaa wazi siku tatu likiwa na shati moja ndani. Jioni ya tatu baba aliniita kibarazani. Hakupiga chochote. Aliushika tu mkono wangu.

"Nikienda Nairobi nitarekodi huko," alisema. "Utakuwa unanisikia kwenye redio."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitaka kumwambia asiende, kwamba sijui jioni zitakuwaje bila yeye, lakini nikatafuta neno fupi la kumzuia.

"Baba, wewe kwenye redio husikiki."

"Ni kweli, mwanangu," akasema, akauachia mkono. Asubuhi sanduku lilikuwa limerudi chini ya kitanda.

Alipata kazi kwenye shamba la maua Usa River, akafunga mashada mpaka alipozeeka. Alikuwa nyumbani kila jioni. Alisaini ripoti zangu zote za shule. Mara kadhaa nilikaa karibu yake na kuulaza mkono mapajani mwake, kama vile nimejisahau. Aliupapasa kidogo akaniambia nikasome. Hakutunga tena.

Sitawadanganya: nilifurahi. Niliona nimeishinda Nairobi, na kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyemzuia baba. Nilikuja kuelewa baadaye sana, tukiwa tumeshamzika na mimi nikiwa na watoto wangu wanaoweza kuniumiza kwa neno moja. Jioni ile alikuwa anaomba mtu mmoja amwambie kwamba anamsikia. Na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimezisikia nyimbo zake kabla ya Fabi, kabla ya bendi nzima, noti kwa noti, zikiwa bado hazina hata maneno. Nilitaka abaki, nikamwambia hasikiki. Naye akabaki.