i5 au Ryzen? Nilipata jibu Mbeya baada ya chaja kuchomolewa

Wakuu, kamwene kutoka Iringa.

Haya yamenikuta mwenyewe na nayaleta bila chumvi. Mkiona nimeisifia sana processor, nivumilieni, bado niko kwenye fungate.

Mimi ni kijana wa Mlandege. Nachora fanicha kwa 3D. Sijasomea popote, nimejifundisha kwa video za mtandaoni na bando la kuungaunga. Shemeji yangu, mume wa dada, ana karakana ya useremala Mafinga. Mimi nachora, yeye anaranda.

Sasa kuna usharika unajenga kanisa jipya na unatafuta fundi wa mabenchi. Wazee wa kanisa wakataka kila fundi aje awaonyeshe benchi lake litakavyokuwa kabla ya kukata ubao hata mmoja. Shemeji hajawahi kuomba kazi kubwa kama ile.

Na laptop yangu ikachagua wakati huohuo kufa. Nikizungusha mchoro, inaganda.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Wakuu, mimi hata soksi sinunui bila kusoma review. Nikasoma kuhusu processor mbili, i5 dhidi ya Ryzen 5, mpaka nikawa naziota. Nikiamua i5, naingia humu nakuta mtu anaimwagia sifa Ryzen. Nikihamia Ryzen, mwingine anasema utajuta.

Shemeji akapiga simu. "We unanunua kompyuta au unaoa?"

"Shemeji, nikikosea hapa kazi yako imekwenda."

"Hata dada yako sikumchunguza hivyo! Panda gari, tukutane Mbeya."

Tukaenda Mwanjelwa, kwa dada mmoja muuza laptop, nimuite Dada Zuhura. Duka lake lina utaratibu ambao sijauona kwingine: hakuuzii mashine mpaka uiendeshe kwa kazi yako mwenyewe. Unakuja na flash, anapanga laptop mbili juu ya kaunta, zinashindana mbele yako. Wateja wengine wanasogea kushangilia kama wako mpirani.

Nikafungua mchoro wa kanisa lote, mabenchi yakiwa yamejaa. Upande huu i5, upande ule Ryzen 5. RAM sawa, umri wa processor unakaribiana. Zikamaliza karibu pamoja.

Nikarudia.

Nikarudia tena.

"Mdogo wangu," Dada Zuhura akasema, "hizi zimeshakujibu, wewe ndiye hujasikia. Utaitumia wapi?"

"Kanisani, mbele ya wazee."

"Kuna umeme?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama dari.

"Hata bati bado," akasema.

Duka zima likacheka. Dada Zuhura akachomoa chaja zote mbili. "Haya, rudia sasa."

Wakuu, review zote nilizosoma, na hilo halikunijia kichwani!

Ile ya i5 ikapunguza mwendo ili itunze chaji. Niseme ukweli: si ubovu wa processor. Dada Zuhura alinionyesha kuwa watengenezaji wa laptop ile ndio walivyoipanga, na unaweza kubadilisha, ila chaji itaisha mapema. Ile ya Ryzen ikaendelea kama vile hakuna aliyegusa waya. Nikazungusha kanisa, nikaingia mlangoni, nikapita katikati ya mabenchi hadi madhabahuni. Laini kabisa. Feni hata haikupiga kelele.

Nikaipenda palepale. Nikailipia.

Siku ya wazee, tulikaa juu ya matofali. Upepo unapita madirishani, vioo bado. Nikafungua laptop mapajani, wakanizunguka.

Mama mmoja mzee wa kanisa akasogea karibu. "Kijana, zungusha nione mgongo wake."

Nikazungusha.

"Kitabu cha nyimbo nitakiweka wapi? Kichwani?"

Wazee wakaangua kicheko. Shemeji jasho linamtoka. Nikachora kishubaka nyuma ya benchi palepale, nikakisambaza kwenye mabenchi yote huku mama anaangalia. Mashine haikusita hata kidogo. Yeye akawageukia wenzake: "Hawa wanasikia mtu anapoongea. Wapeni kazi."

Tukapewa. Hakuna aliyeuliza ni processor gani.

Nilichojifunza: kwa kazi yangu zote mbili zilikuwa nzuri, na ningebaki kuzilinganisha kwenye simu hadi leo. Beba kazi yako halisi, ijaribu mahali na namna utakavyoitumia. Na ukipata muuzaji anayekuruhusu kuchomoa chaja, mheshimu sana.

Juzi nilienda ibadani kwenye kanisa lile. Bati lipo, vioo vipo. Nikakaa kwenye benchi, kitabu kikatulia kishubakani. Nilitafuta kosa ibada nzima. Nililipata: benchi la mbele yangu limepinda kidogo sana upande wa kushoto.

Nimemwambia shemeji. Kanikatia simu.

Nyie mlichaguaje zenu? Wa i5 njooni pia, leo sina ugomvi na mtu.