Fundo la Matete kwa Korongo

Mabango ya kulinda korongo niliyapaka rangi mwenyewe, uani kwetu Kikula, mjini Likasi. Moja nililifuta lote nikalianza upya kwa sababu herufi ya mwisho ilikuwa imeinama kidogo. Mama alipita na beseni lake akasema, "Korongo banajua kusoma?" Nikiogopa jambo, nalipima kwa rula.

Jambo lenyewe ni hili. Bustani moja ya wanyama ilinipa wafanyakazi wake watatu, niwafundishe kulinda ndege pale ndege wanapoishi, bila kizimba. Mimi sikusomea wanyama. Ndege nimejifunza peke yangu, kwa miaka ya kukaa kandokando ya ziwa Tshangalele na simu yenye kioo kilichopasuka. Wanafunzi wangu wote walikuwa wakubwa kwangu. Mmoja wao, mlezi wa sokwe, alianza kazi kabla sijazaliwa. Nilimwita papa, yaani baba, yeye akaniita mwalimu.

Tulikuwa na msimu mmoja tu. Korongo wenye taji walikuwa wameatamia ndani ya kichaka kikubwa cha matete karibu na kijiji cha wavuvi. Mvua zilikuwa zinaisha, na zikiisha akina mama huingia kukata matete ya mikeka. Yakikatwa kabla vifaranga hawajaruka, vifaranga hawaponi. Bustani ilikuwa imesema wazi: msimu huu ukiharibika, watu wake watarudi kwenye vizimba na habari ya ziwa itaishia hapo.

Siku ya kwanza, katika chumba tulichoazimwa na parokia, niliwaambia wachore mpango wao. Walichora uzio wa waya, wenye mlango na kufuli. Sikushangaa. Mtu aliyefunga milango maisha yake yote, ukimwonyesha ndege, mkono wake unatafuta ufunguo. Nilikuwa na somo zima la kuwajibu, nikaliacha, nikauliza swali lililonijia papo hapo.

"Papa, munyama mugeni akifika kwenu, munamufanya nini?"

"Hatumufanye kitu. Unaikala pembeni, unafagia. Unamuacha akuone. Siku atakuya mwenyewe kukunusa, njo kazi inaanza."

"Basi kijijini tutafanya vilevile."

Alicheka mpaka akashika meza. "Sawa, mwalimu. Lakini usibaambie bantu ya kijiji kama weye njo ulisema vile."

Basi sare za kijani zilibaki Likasi, na mabango tuliyoyabeba hatukuyasimamisha. Tulimsalimu shefu wa kijiji, tukaomba pa kulala, kisha tukashona nyavu na kuchota maji. Kuhusu ndege hatukutamka neno. Niliwapa kazi moja tu ya siri: watembee na wakataji, wajue matete mengine yako wapi. Nilijifunza hili kwa kukosea mara nyingi: usimwombe mtu aache njia yake kama wewe hujaitembea ile ya pili.

Kiongozi wa wakataji alikuwa mama mnene ambaye hata shefu alimpisha njiani. Alitutazama siku nyingi, na midomo ya kijiji ikatusema.

"Bale ni bantu ya kodi," mmoja alisema kwa sauti, ili tusikie.

"Apana," yule mama akajibu. "Bantu ya kodi habachotake mai."

Asubuhi moja alikuja mwenyewe, akageuza ndoo yetu, akaikalia. "Sasa museme. Munatafuta nini?"

Nilisimama. Nikaitoa hotuba yangu mfukoni. Papa akanivuta shati.

"Mwalimu, ikala."

Nikakaa. Akamgeukia yule mama. "Mama, kwetu ku zoo iko korongo moja. Kila asubui anaita. Hakuna mwenye kumujibu. Hapa kwenu minye nilisikia banajibizana. Tunaomba kile kichaka kingoye, mpaka batoto baruke."

"Na minye nitakata wapi?"

"Upande wa Mwadingusha iko ingine. Tulienda kuiona. Ni mbali, tunajua. Mutumbwi tutapiga kasia siye."

Mama alimtazama mikono. Kisha akanyanyuka, akaingia majini mpaka magotini, akashika mashina ya kwanza ya kile kichaka na kuyafunga fundo. Pale ziwani, fundo hilo lina maana moja: pana mwenyewe, pita. Hakuna anayelifungua ambaye hakulifunga. Mtumbwi wa wenzake ulipofika, mmoja akauliza ni la nani.

"La korongo," akasema. "Mugeuze."

Wakageuza, wakilalamika njia nzima.

Wanafunzi wangu walipiga kasia msimu mzima, mimi nikienda na kurudi Likasi. Papa aliota malengelenge na kuwaonyesha watu kama mtu anayeonyesha saa mpya. Na siku vifaranga waliporuka, bado hawajazoea, miguu ikining'inia, ni wao watatu waliokuwa majini na wale akina mama. Mimi nilifika nimechelewa kutoka Likasi, nikakuta tayari wanapanga vichaka vya mwaka unaofuata, wanabishana, na hakuna aliyenigeukia kuniuliza kitu.

Sijawahi kujivuna hivyo maishani. Nalisema wazi.

Jioni walinipikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Samaki walikuwa wakiparwa magamba juu ya ubao, nikautambua: bango langu, limegeuzwa kifudifudi. Nililiinua kidogo upande mmoja nikachungulia. Herufi ya mwisho ilikuwa imenyooka. Nikalirudisha chini, mama mpishi akaendelea na samaki wake.