Mashine ya risasi iliyoganda kwenye gereji ya Mzee Des, St Marys

Wakuu, salama? Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekulia kambini Kigoma, sasa niko Sydney nafanya aged care, kutunza wazee majumbani. Mteja wangu mmoja, Mzee Des, anaishi St Marys peke yake. Miguu yake haitulii, anazunguka nyumba mpaka namaliza shift. Nikiwa naye, na mimi situlii.

Juzi kati akaniita gereji, akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na chuma kizito kimefungwa kwenye meza, kina mpini mrefu.

"Hii ni mashine ya kujazia risasi," akasema. "Imekaa miaka, imeganda. Jumamosi binti yangu anakuja kuichukua. Analenga shabaha kama mimi zamani. Sitaki kumpa chuma kilichokufa."

Kwetu risasi si mchezo wa shabaha.

Nikasema naenda kuandaa chai. Jikoni maji yakachemka, yakapoa, mimi nimesimama tu. Huko gereji namsikia anahangaika na mpini. Nikarudi kwa kuhofia ataanguka.

(Ndiyo, nilimpigia coordinator, msimamizi wangu wa kazi, kwanza. Akasema kama hakuna bunduki wala baruti, nimsaidie. Bunduki zake alishaziuza.)

Tukapaka oili ya kulegeza kutu, tukaiacha. Kesho yake tukapaka tena. Wapi. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama gundi.

Ijumaa uvumilivu ukaniishia, nikachukua nyundo.

Mzee akanishika mkono. "Usipige. Hatujachungulia ndani."

Nikawasha tochi ya simu. Chini ya nguzo ya mashine, ile ambayo mpini huipandisha na kuishusha, kitu kidogo kuliko kifungo cha shati kilikuwa kinang'aa kwenye uchafu.

"Fataki," akasema taratibu. "Ndiyo inayowasha baruti. Hiyo bado haijalipuka."

Nikatoka mpaka getini, jasho linanitiririka. Akanifuata polepole na walker yake ya kutembelea.

"Rafiki, uko hivi tangu siku nilipovuta turubai. Kuna nini?"

Nikamwambia. Milio ya risasi kijijini kwetu, na mama alivyotuziba midomo chini ya kitanda. Hapa Australia sikuwahi kumwambia mtu.

"Mimi nilipiga karatasi za shabaha tu maisha yangu yote," Mzee akasema. "Sikufikiria upande huo. Usiiguse tena, binti atamalizia."

Jumamosi Leanne, binti yake, akaja na miwani ya kukinga macho. Akatutoa nje, akaitoa ile fataki taratibu, akaiweka kwenye kopo lake. Kisha akasugua grisi yote kwa brashi na white spirit, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akapaka oili mpya, akatuita ndani.

"Dad, vuta."

Mpini ukashuka laini kabisa. Mzee akaupandisha, akaushusha tena, machozi yanamlenga. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama sehemu moja.

Leanne akaniuliza kama nataka kujaribu. Nikakataa, na hakuna aliyenishangaa. Lakini nilivuta kiti nikakaa nao mlemle gereji, nikanywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

Nilichojifunza: kitu kilichoganda usikipige nyundo kabla hujajua ndani yake kumebaki nini. Na binadamu ni hivyohivyo.

Wakuu mliotoka kwenye vita mkaangukia kazi za ugenini, ninyi mlimwambia nani? Karibuni, hata kwa mstari mmoja.