Mkono wa Dawati la Mwisho

Shirika lililoniajiri lilitaka picha za wasichana waliokimbia vita Kongo, wakiwa darasani hapa Kampala, tangu muhula wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi ilinifaa. Mimi ni Mkenya, Kiswahili nimekua nacho, na akina mama wa Kikongo wanaoishi chini ya kilima cha Kibuli hawashtuki nikiingia na kamera. Shida ilikuwa bosi wangu. Picha aliyoitaka alikuwa nayo kichwani kabla sijatoka ofisini: msichana, sare safi, mkono juu, macho yanang'aa.

Msichana nilimpata. Mkono sikuupata.

Alikuwa na miaka kumi na saba, amekaa dawati la mwisho katika darasa la nne, magoti yamebanwa na meza, katikati ya watoto wa miaka kumi. Kwao alikuwa amefika sekondari, akisoma kwa Kifaransa. Kisha shule ikachomwa, baba yake akauawa, yeye na mama yake wakavuka mpaka bila karatasi hata moja. Mwalimu mkuu, mama mpole aliyekulia kambi ya polisi na kuokota Kiswahili huko, hakunificha. "Huyu mutoto iko na kichwa, madamu. Lakini Kingereza hana. Sasa mimi nitaweka yeye wapi?"

Nilikasirika, ila sikuona wa kumkasirikia. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kwamba msichana akivumilia mpaka mwisho wa mwaka, na Kiingereza kikakaa, atarushwa hadi la saba afanye mtihani wa kumaliza msingi. Mama yake aliliombea hilo kila asubuhi, kwa sauti, nami nikawa naomba kimyakimya ingawa si mtu wa maombi sana.

Mwalimu akitoa hesabu, mikono ya wadogo ilipaa, wengine wakapanda juu ya benchi ili waonekane. Yeye alitulia na kalamu yake. Siku moja wakati wa mapumziko nilimchokoza. "Wewe unaringa? Mbona hunyoshi mkono?"

Alitabasamu kidogo. "Hii hesabu nilishaifanyaka, mama. Papa akingali muzima."

Sikumuuliza tena. Bosi ndiye aliyeendelea kuniuliza, kila nikirudi, kama mtu anayedai chai yake.

Muhula wa pili walikuja wageni kuona kazi ya shirika. Mmoja wao, mzee mwenye heshima zake, alikwenda moja kwa moja hadi dawati la mwisho, akampa mkono, akamwita madamu na kumpongeza kwa jinsi wanafunzi wake walivyo na adabu. Darasa zima lilicheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka. Kisha akaketi, akavuta sketi ifunike magoti.

Tulipotoka nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni methali nzuri kwa aliyesimama. Akaniuliza, bila ubishi wowote, mtu anainama mpaka lini.

Wiki iliyofuata, katikati ya kipindi cha hesabu, mkono wake ukapanda. Ulinyooka sawasawa, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwahi kuuona. Nilibonyeza kamera kabla sijafikiri. Mwalimu akamwelekezea chaki, naye akaomba, kwa Kiingereza safi kabisa, ruhusa ya kutoka nje. Alipita karibu nami, akanigusa bega. Hakurudi tena shuleni.

Bosi aliipenda picha ile kupita kiasi. Ilikuzwa, ikaandikwa maelezo chini yake, ikatundikwa mapokezi ya ofisi yetu kule Nakawa.

Nilimtafuta mpaka nikamkuta mtaa wa Old Kampala, katika saluni ya jirani yao, akisuka. Alinikaribisha kwa furaha, jambo lililoniumiza kuliko kama angeninunia. Nikamweleza kwamba picha yake iko ukutani. Hakuuliza kama ametoka vizuri.

"Muliandika darasa la ngapi?"

"La nne."

Alimaliza msuko aliokuwa ameshika, akachovya ncha kwenye maji ya moto. "Muandike kwenye nilifika, mama. Sekondari ya pili."

Niliomba ofisini maelezo yabadilishwe. Bosi alinisikiliza vizuri, akasema watu hawataelewa mtoto wa sekondari anafanya nini katika sare ya msingi. Basi picha bado iko pale na maneno yake yaleyale. Wageni husimama mbele yake, wakaniuliza kama jibu alilipata. Huwa nawaambia kwamba alikuwa anaomba kutoka, na kwamba alikuwa amefika sekondari ya pili. Wengi hucheka, wakidhani natania.