Bosi Aliyezuiwa Mlangoni Kwake

Saa moja asubuhi, Shakila Nurdini anafika kwenye kiwanda chake kidogo cha kubangua korosho mjini Nachingwea, mkoba begani, na kukuta njia imezibwa. Mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni amenyoosha mkono mlangoni.

"Ishia hapo hapo, Mama Fahadi. Moshi wa kukaangia haujatoka."

Shakila anasimama. Jengo ni lake, korosho ni zake, hata ufagio ulioegemezwa mlangoni kaununua yeye. Wabanguaji wake wamekaa nje kwenye mkeka, wakipaka mikono mafuta ili utomvu wa maganda usiwaunguze, na hakuna hata mmoja anayenyanyuka kumtetea.

"Mwaka jana ungeniambia nitazuiwa na mfanyakazi wangu, ningekucheka," anasema, bado akitikisa kichwa. "Tena na huyu!"

Huyu ni Yunisi Mabula. Familia yake ilihamia huku na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa, na misimu miwili iliyopita ng'ombe wao waliingia katika shamba la mbaazi la mama yake Shakila, kule Chiola, wakala mpaka maua. Wazee walipokaa kusuluhisha, waliomba Yunisi apewe kazi kiwandani ili waliogombana wazoeane. Shakila alikubali kwa shingo upande.

Kisha ikaja semina ya Ruangwa. Wenye viwanda vidogo walielezwa kwamba mfanyakazi asiyeamua lolote hufanya kazi ya kusukumwa. Shakila akarudi amejaa hamasa. Akawatangazia wanawake wachague msimamizi wao, mwenye uwezo wa kusimamisha kazi bila kumuuliza mtu, hata yeye bosi.

"Moyoni nilishamchagua Safina," anasema. "Ni mtu wangu tangu tunaanza. Hajawahi kunipinga."

Wagombea wawili, Safina na Yunisi, walisimama mbele, wenzao wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Mstari wa Yunisi ukarefuka hadi uani. Nyuma ya Safina hapakuwa na mtu. Kisha Safina mwenyewe akajitanda kanga vizuri, akavuka, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Yunisi.

Shakila aliduwaa. Akaketi juu ya gunia. Nyumbani mama yake alirudia swali lile lile: "Yule yule wa ng'ombe?" Ugali ukapoa bila kuguswa.

Kesho yake alikwenda kazini ameshaamua kufuta uchaguzi. Ila kabla ya kutamka, alimvuta Safina pembeni amweleze kulikoni.

"Dada, moshi umetukohoza msimu mzima," Safina alimjibu, macho chini. "Nani angekwambia? Ukinuna, humu ndani hapapumuliki. Sisi tunakuogopa. Yule hakuogopi."

Akifika hapo, Shakila anashika mdomo kana kwamba ameambiwa leo.

"Nilidhani wananipenda," anasema. "Kumbe kila 'ndiyo, bosi' ilikuwa woga. Nilishtuka kuliko siku ya ng'ombe, wallahi."

Hakufuta kitu. Amri ya kwanza ya Yunisi ikawa hii ya moshi: haingii mtu mpaka utoke, na haina mkubwa wala mdogo.

"Mimi nilijua atanifukuza siku hiyo hiyo," Yunisi anasema huku akicheka. "Sasa nimfiche nini?"

Moshi unaisha, mlango unafunguliwa. Shakila anaingia wa mwisho, mikono imeng'aa mafuta kama ya wenzake. Msimu ujao anataka kufungua tawi Ruangwa, na anadai ameshajua nani atalisimamia.

"Nampeleka Yunisi," anatangaza kwa sauti ili wote wasikie.

Safina anaacha kubangua. Safari hii anamtazama bosi wake usoni.

"Hapana, dada," anasema. "Yunisi haendi popote. Ruangwa nenda wewe."