Mwenye Sura Yuko Macho?

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba ukivuta kitambaa chenye picha ya mtu kwenye mbao wakati mtu mwenyewe amelala, ataamka shingo imepinda. Sisemi kuuma. Kupinda, kama bomba la maji lililokanyagwa na lori. Kule mtaa wa Buyenzi nilikojifunzia kazi, fundi wetu mkubwa hakugusa koleo kabla ya kupiga bismillahi na kuuliza, "Mwenye sura yuko macho?" Mteja akisema hajui, tulikaa kitako tukanywa chai mpaka apige simu nyumbani.

Picha za marehemu hazikuwa na tabu, shingo zao zilishapumzika. Picha za ziwa tulivuta wakati wowote. Kuhusu ng'ombe tulibishana msimu mzima wa mvua na hatukufikia uamuzi. Na ushahidi ulikuwepo: mfanyabiashara mmoja wa sokoni, walisema, picha yake ilivutwa akiwa amejinyoosha baada ya chakula cha mchana, na tangu hapo alikuwa anasalimia watu kwa ubavu. Mimi mwenyewe nilimwona. Alinisalimia kwa ubavu. Ungetaka nini zaidi?

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Picha imechorwa kwenye kitambaa kizito, huku tunakiita tuale. Unaunganisha mbao nne pembe kwa pembe, unapata kitu tunachokiita shasi, kama ya gari, ila hii haiendi popote. Unalaza picha kifudifudi, unaweka mbao juu ya mgongo wake, unashika ukingo wa kitambaa kwa koleo pana, unavuta kwa nguvu zote alizokupa Mungu, unagonga msumari katikati. Unahamia upande wa pili, unavuta, unagonga. Kisha juu, kisha chini, ukitoka katikati kwenda kando, na pembe ni za mwisho. Ukianza na pembe umekwisha: kitambaa kitafanya makunyanzi usoni, na mteja atakuambia umemzeesha mama yake.

Wakati ule nilikuwa pia nasoma masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nikifukuza diploma iliyonikimbia ujanani. Mchana mbao, jioni hesabu. Nikishika kalamu darasani, vidole vilijifunga vyenyewe kana kwamba bado vimebana koleo. Nilichoka mpaka uchovu wenyewe ukanionea huruma. Asubuhi moja niliisalimia nguzo ya umeme, na nikasimama nikisubiri ijibu.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa mtaa wa Kinanira, kwenye kibanda cha kazi nilichokuwa nimefungua mwenyewe huku Kanyosha. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alishawaambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Bibi aliona kidogo tu, tena kwenye jua kali la alasiri, barazani kwao kunakotazama ziwa. Marehemu mume wake alikuwa mchora mabango ya maduka, kuku kwa wauza nyama, mikasi kwa vinyozi, maisha yake yote. Mara moja tu alichora kitu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza, nacho ni sura ya mke wake walipokuwa wameoana karibuni. Wakati wa vita waliing'oa kwenye mbao zake, wakaikunja kama mkeka, wakavuka nayo kwenda Kongo, wakarudi nayo. Tangu hapo ilikaa juu ya kabati.

"Mama anataka kujiona," mwalimu akasema. "Imenyooka, kama baba alivyoiacha. Kabla giza halijamfunga."

Wiki ile mawingu yalitukalia kichwani. Siku jua lilipotoka, mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini kama kawaida, basi nikaweka mbao begani, sanduku la misumari mkononi, nikapanda mlima wa Kinanira kwa miguu. Sitatia chumvi. Mlima ule, siku ile, ulikuwa mrefu kupita milima yote ya Kongo tunayoiona ng'ambo ya ziwa, na mbao zangu zilikuwa zinaongeza uzito kila kona, kana kwamba zinakumbuka kwamba zamani zilikuwa mti.

Bibi alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mbao, mtandio wake kichwani, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Nikamwamkia. Kisha nikauliza swali langu, yuko macho?

"Mi niko hapa, fundi. We unaniona, ni mi ndiye sikuoni."

Nikamwomba, kwa heshima, asilale mpaka nimalize. Sababu sikumwambia, maana huwezi kumtisha mzazi na habari za shingo. Nilimwambia binti yake pembeni, kwenye korido. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema yeye mwenyewe amewahi kusikia jambo la namna hiyo, na hata kama si kweli, kwa nini tujaribu kwa mama?

Tulitandaza tuale juani ili ipate joto, kwa sababu rangi ya zamani ukiivuta ikiwa imekakamaa inapasuka, na ikipasuka usoni hakuna fundi wa kuirudisha. Jua lilichukua muda wake. Bibi akaletewa chai. Rangi ilipolainika nikailaza kifudifudi juu ya shuka na kuanza, na kila msumari ukawa na utaratibu wake.

"Bibi?"

"Niko."

Navuta, nagonga.

"Bibi?"

"Niko, mutoto wangu."

Kazi ya saa moja ikawa ya alasiri nzima. Kingo za tuale zilikuwa zimechakaa, bado zina matundu ya misumari ya mume wake, na mimi nilikuwa natafuta mahali pazima pa kushika. Mgongo ulinilalamikia kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Joto lilipanda kutoka ziwani, nzi alitua kwenye mkono wangu na sikuwa na nguvu ya kumfukuza. "Niko" ya bibi ikaanza kuchelewa. Na "Bibi?" yangu pia. Kuna mara nilisimama nimeshika koleo, sijui kwa muda gani, mpaka nikasikia sauti kutoka kwenye kiti:

"Fundi? We uko macho?"

Nikamwambia niko. Sikuwa na uhakika.

Nilipomaliza pande tatu, wa nne ukiwa na msumari wa katikati tu, nikaita, nikamgeukia bibi. Kidevu chake kilikuwa kimeshuka kifuani. Binti yake akamgusa bega; bibi akafungua macho, akasema "niko" bila kuulizwa, akalala tena. Usiku uliopita maumivu ya macho hayakumpa usingizi, binti yake akaniambia, na huo ndio ulikuwa usingizi wake wa kwanza.

Nikaweka koleo chini. Jua lilikuwa limeshaegemea milima ya ng'ambo. Tukingoja aamke mwenyewe, mwanga utakuwa umekwenda, na mawingu yalikuwa yanajipanga tena upande wa juu kwa ajili ya kesho, na kesho yake, na hakuna aliyejua macho yale yamebakiza alasiri ngapi. Nikivuta sasa, ataiona picha akiwa na shingo iliyopinda. Leo mnacheka. Mimi jasho lilinitoka, na halikuwa la joto.

"Kumwamsha nasikia vibaya," binti yake akasema. Akafikiri kidogo. "Mi nitaishika shingo. We uvute."

Sasa mtu aliyesoma ualimu, na mwingine aliyebakiza kidogo apate diploma, tukakubaliana hivyo bila hata tabasamu. Alisimama nyuma ya kiti, akaweka viganja viwili pande mbili za shingo ya mama yake, akaibana barabara ili isipate njia ya kupinda. Nikavuta upande wa nne. Kila nilipovuta, yeye alibana zaidi. Nikagonga. Nikakunja pembe, nikachomeka kabari ndogo ndani ya viungo vya mbao, nikazigonga polepole mpaka kitambaa kikalia kama ngoma nilipokipiga kidole. Sijawahi kuvuta tuale namna ile, kwa haraka na kwa woga, na sijawahi kuona iliyonyooka vile.

Nikaigeuza, nikaisimamisha juu ya meza mbele ya kiti, mwanga wa mwisho ukaipiga usoni.

Nilikuwa sijamtazama vizuri yule msichana wa kwenye picha mpaka dakika ile; kazi yangu yote ilikuwa mgongoni kwake. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani na anatazama pembeni, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Nyufa zilikuwepo kidogo begani. Usoni hapana.

Bibi aliamka, na alivyokuwa ameshikwa angeachaje kuamka. Akainama mbele mpaka pua ikakaribia rangi, akaanza kutafuta kwa jicho lake zuri, kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Njano ya kitambaa. Paji. Kidole chake kikasimama penye sikio.

"Baba yako ametia hereni," akasema. "Mi sikuwa na hereni siku ile. Hatukuwa na kitu." Akaigusa kwa ncha ya kidole: "Nilikuwa nimesahau kama aliziweka."

Binti yake alikaa chini sakafuni. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu la misumari. Saa ya darasa ilikuwa inapita na sikuwa na miguu ya kulifuata. Tukakaa hivyo watu watatu waliochoka, tukimtazama mmoja ambaye hakuchoka, mpaka jua likashuka nyuma ya milima na hereni zikapotea.

Ndipo bibi akainua mkono, akajishika nyuma ya shingo, akaikandakanda.

"Shingo yangu," akasema.

Nikaangalia chini, nikamwambia yote: fundi wetu wa Buyenzi, swali lake, mfanyabiashara wa kusalimia kwa ubavu, na jinsi tulivyovuta upande wa mwisho yeye akiwa amelala. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya ufundi mzima.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono bado shingoni.

"Apana, fundi," akasema. "Shingo inauma sababu huyu mutoto ameikamata kama ya kuku. Ile ni kitambaa tu."