Sisi Kina Marshall, Watunza Farasi

Jirani yangu wa ghorofa ya juu huponda iliki kila Ijumaa asubuhi, nami kila Ijumaa hufunga dirisha. Ni mama mkarimu. Amewahi kunigongea mlango akiniletea kahawa, nikamdanganya kwamba kahawa inanipandisha presha. Ukweli ni kwamba harufu ile hunirudisha Jiddah, kwenye ua wa nyumba moja ya Al-Rawdah, na sipendi kurudi huko.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ndizo siku ambazo mawakala walizunguka mitaa ya Mombasa wakitafuta watu wa kwenda Saudia, na mmoja wao aliwapata wazazi wangu kwa pamoja, baba awe dereva na mama mtumishi wa ndani. Aliwaapia kwamba wangekaa nyumba moja. Walipofika, kafili, yaani tajiri aliyewadhamini, alimbakisha baba kwake Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, na mama akampeleka Jiddah akamtunze mama mzazi wa kafili. Ndoa yao ikawa ya simu. Walionana tu pale kafili alipokwenda kumsalimu mama yake, kwa kuwa baba ndiye aliyeendesha gari.

Likizo moja kafili alinikatia viza ya ziara nikakae na mama. Nilipofika nilikuta mama yangu Dorcas anaitwa Maryam, na anaitika. Nilikuta pia kwamba dereva wa nyumba ile amerudi kwao na chumba chake kando ya lango ki kitupu. Kilikuwa na kitanda, feni na msumari wa kutundikia nguo. Mama alikuwa amekifagia bila kuagizwa na mtu. "Baba yako akihamishiwa huku, tutakaa humu," aliniambia, akipangusa kioo cha dirisha kwa ncha ya mtandio wake. Tangu hapo nilikiombea chumba kile kila nilipopiga magoti.

Baba alipokuja na kafili, alipata ruhusa akatupeleka Sharafiya, kule kwenye maduka ya simu na mikahawa ya bei rahisi. Tulikula wali na kuku kwenye sinia moja, naye akatueleza atakavyokipata chumba. Silaha yake ilikuwa jina letu.

Sina budi niwaeleze kuhusu jina hili. Sisi ni watu wa Kisauni, wajukuu wa misheni, na tunaitwa kina Marshall. Baba alikuwa amesoma mahali kwamba zamani kule Uingereza Marshall alikuwa mtunza farasi, na kwamba watu hao walipanda cheo mpaka wakawa wakuu wa majeshi na wasiri wa wafalme. Hapakuwa na arusi wala matanga ambayo hakuisimulia hadithi hiyo. Hakusema waziwazi kwamba ile ni damu yetu, ila mtu akidhani hivyo, hakumsahihisha. Sisi watoto tukizembea, alitukaripia kwa methali yake moja: mwacha asili ni mtumwa.

Sasa kafili alikuwa na farasi nje ya Riyadh. Siku moja wakiwa njiani baba akamsimulia habari za jina lake, na tangu siku hiyo kafili akaacha kumwita dereva, akamwita Marshall, hata akamruhusu kuwalisha farasi.

"Hawa watu wanaheshimu asili," baba alisema akifyonza mfupa. "Yule bibi akijua mimi ni mtu wa ukoo, hataninyima chumba."

"Ezra, wewe omba chumba," mama akamwambia. "Farasi waache huko huko."

Hakuwaacha.

Alasiri ile bibi, ambaye watumishi walimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, alikuwa amekaa uani juu ya godoro, na mwanawe kafili pembeni. Mzee mmoja mweusi, mweusi kutushinda sisi, aliwamiminia kahawa ya iliki kwenye vikombe vidogo. Yeye alizaliwa katika nyumba ile na hakuwa na lugha nyingine ila Kiarabu. Baba alisimama karibu na mlango wa ua. Mimi na mama tulikuwa mlangoni mwa jikoni, mama akinitafsiria kwa sauti ya chini.

Kafili alimtambulisha baba kwa bashasha, kwamba huyu ndiye yule ambaye wazee wake walitunza farasi wa wafalme. Mama Kabira alipendezwa. Nilishamsikia akiwafundisha wajukuu zake majina ya mababu zao, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Haya, nitajie wako," alimwambia baba.

"Mimi ni Ezra bin Gideon," baba akasema, "bin Yohana."

"Bin nani?"

"Marshall."

"Huyo ndiye aliyemzaa Yohana?"

Baba alikuwa mtu wa majivuno, lakini uongo wa ana kwa ana ulimshinda. Akasema hapana, Marshall alikuwa Mwingereza aliyemsimamia Yohana kwenye ubatizo.

"Na aliyemzaa?"

Mama Kabira akamtazama mzee wa kahawa, kisha baba, akasema maneno machache kwa upole. Mzee alisita, birika mkononi. Mama hakunitafsiria. Alitoka jikoni upesi, akaenda kukiomba chumba yeye mwenyewe, na jibu nililisikia bila mkalimani: halas, imekwisha.

Usiku nililala na hasira juu ya baba. Nilidhani amesahau jina la baba wa babu yake, mtu mzima mzima, na kwa usahaulifu wake chumba kikatupita. Asubuhi kafili alimwita, "Yalla, dereva." Kabla ya kuingia garini, baba alimpa mkono mzee wa kahawa, na hawakuachiana upesi.

Nilikuwa mke wa mtu mama aliponiambia maneno yale. Bibi alisema, "Kumbe ni kama huyu wetu. Yeye naye ana jina letu." Na mama alipoomba chumba, aliambiwa kwamba kwa watu wasio na asili mume na mke ni mazoea tu, wataishi hata wakitengana. Basi akawanyima hayo mazoea. Wazazi wangu walirudi Mombasa, kila mmoja kwa wakati wake, wakaonana kama wageni, na mwaka haukuisha wakaachana. Bibi yule akawa msema kweli. Hilo sijamsamehe.

Nilikwenda kulitafuta jina lenyewe. Baba hakukosea, ila hakufika mwanzo. Hata Kiingereza si kwao jina hilo; lililetwa na Wanormani waliovuka kuja kuwatawala Waingereza, na maana yake ya kwanza ni mtumishi wa farasi. Mtumishi yule alipanda na jina la kazi yake mwenyewe. Yohana alishushwa kutoka meli ya watumwa akiwa mtoto, akapewa jina la mtu mwingine, na la baba yake hakuna aliyemuuliza. Asili hatukuiacha sisi. Ile methali ya baba siwezi tena kuitamka.

Mwanangu ana miaka minne na anapenda kutajiwa wazee wake. Huanza na mimi, halafu Ezra, halafu Gideon, halafu Yohana. Akifika hapo hunitazama usoni, anangoja.